Shikamoo ya Siku ya Kumi na Tisa

Siku ya kumi na tisa ya mshale, Twilumba Mhongole alimwamkia mtani wake shikamoo, na mke wa mtani akaangusha mwiko.

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Alikuwa amesimama mlangoni, amevua viatu, amekwisha kunawa hadi viwikoni kwa ile sabuni ya kuua vijidudu, na Mwalimu Osmund Mbano alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, blanketi magotini, anamngoja. Kwa siku kumi na nane Mhehe huyu alikuwa akiingia humu ndani kwa matusi. Alimwita Mngoni mateka wa babu yake. Alidai kuku. Alifunua masufuria akitafuta mikia ya panya. Leo aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Mwalimu," kama mtoto aliyechelewa shule.

"Marahaba," Mwalimu akaitikia polepole, akamtazama.

Mama Otilia, mkewe, aliokota mwiko, akaufuta kwa kanga, akaufuta tena. Kisheria hakuruhusiwa kuuliza, na mama yule aliheshimu sheria kuliko padri. Lakini macho hayajui sheria. Yalimganda Twilumba usoni, na hayakubanduka.

"Nimemwamkia nione atakavyovimba kichwa," Twilumba alijaribu kufunika kombe. "Nasikia Mngoni ukimpa shikamoo moja analala nayo mwezi mzima."

Hakuna aliyecheka, na haki yao. Akapiga magoti, akampima Mwalimu joto, akamwomba afungue kinywa amwangalie fizi, akampandisha mikono ya sweta kutafuta mahali damu ilipovilia. Joto lilikuwa thelathini na sita na nusu. Fizi safi, ngozi safi. Alipomaliza, Mwalimu alichukua daftari la miraba, lile walilokuwa wakitumia wanafunzi wake wa hisabati, akaweka alama moja ndogo, akalifunga. Alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi. Twilumba alidhani mzee anajipa mazoezi ya akili.

Nje, ukungu wa Makambako ulikuwa umemeza mapangaboi ya kuzalisha umeme, yanasikika tu yakikata upepo. Twilumba alitembea hadi kona, mahali ambapo dirisha la jikoni halimwoni, akageuza bangili yake na kusoma tena namba alizokwisha kuzisoma alfajiri. Chembe nyeupe zote, elfu mbili na mia tatu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, elfu sabini na mbili. Na askari, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, mia tisa na kumi. Jana walikuwa elfu moja na mia moja. Mtu mzima ana askari kuanzia elfu mbili. Kwenye mia tano, hata mwiba wa waridi unaweza kukuua.

Alikuwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyosema shikamoo.

* * *

Mshale ni punje, ndogo kama ulezi, inayopandikizwa chini ya ngozi ya mkono wa kushoto. Inatoa dawa kidogo kidogo, usiku na mchana, na dawa hiyo haishiki kitu chochote mwilini isipokuwa zile chembe zilizoharibika kwenye uboho wa mifupa, zinazozaana bila adabu na kujaza damu. Siku Mwalimu alipopandikizwa mshale, alikuwa na chembe nyeupe laki mbili na elfu kumi na mbili. Alikuwa anaamka na shati limelowa jasho, bandama limemjaa tumboni upande mmoja mpaka hawezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Mtu anapewa mshale mmoja maishani. Ukifungwa kabla ya siku ya arobaini haufunguki tena, na ugonjwa uliobaki unakuwa umekwisha kujifunza kuukwepa. Shida ni kwamba kati ya wiki ya pili na ya tano namba zinaporomoka. Kwanza zinaporomoka zile mbaya, watu wanafurahi. Halafu zinaendelea kuporomoka, na hapo lazima mtu aamue: kuufunga mshale ili damu ipumue, au kuuacha wazi na kuomba Mungu.

Mwanzoni waliamua mashine za hospitali. Zilifunga mishale yote zilipoona namba imeshuka chini ya mstari, na wagonjwa wakarudi nyumbani wazima, wakafa mmoja mmoja ndani ya miaka miwili. Kisha wakapewa ndugu. Wapo waliofunga kwa huruma na wapo walioacha wazi kwa tamaa. Wagonjwa wenyewe ndio walikuwa wabaya zaidi. Waliziona namba zao zikishuka, wakaona ndiyo mwisho, na bwana mmoja wa Mafinga aliuchimbua mshale wake kwa wembe.

Ndipo mtu fulani kwenye baraza la Iringa akakumbuka kwamba nchi hii ilikuwa na mtu wa kazi hiyo tangu zamani. Si ndugu, maana halii. Si mgeni, maana anakujua. Ni yule anayeingia kaburini siku ya maziko, akajilaza humo, akasema marehemu alikuwa bahili na hatoki mpaka alipwe, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Sheria ya Utani ikapita. Mngoni atasomewa damu na Mhehe, Mhehe na Mngoni, na kila kabila na watani wake. Mtani atavaa bangili. Namba ataziona yeye peke yake. Askari wakiwa chini ya mia tano asubuhi mbili mfululizo, mtani anaweza kufunga mshale kwa kubana kitufe cha bangili pumzi kumi. Sheria inasema anaweza. Haikusema lazima, na neno hilo limekwisha kuwakondesha watu wengi.

Mgonjwa hatakiwi kujua. Kila jioni saa moja bangili inatetemeka na kuuliza swali lilelile: Mgonjwa anajua? Mtani anaweka kidole gumba kwenye hapana. Akiweka kwenye ndiyo, utani wake unakoma na mshale unarudi mikononi mwa mashine za hospitali, nazo zinafunga kama zilivyokuwa zikifunga.

* * *

Twilumba alikuwa mpimaji kwenye kiwanda cha jibini. Kazi yake ilikuwa kuangalia vijidudu kwenye maziwa, na labda ndiyo sababu hakuweza kujidanganya. Alijua vimejaa kila mahali: kwenye kishikio cha mlango, kwenye pichi iliyoiva, kwenye mkono wa jirani anayekuja kumjulia hali mgonjwa. Mchana ule alijifungia kwenye chumba cha baridi, katikati ya magurudumu ya jibini, akampigia Daktari Sanga.

"Mia tisa na kumi," alisema.

"Ni mapema kuhangaika, dada."

"Zinashuka karibu mia mbili kwa siku. Keshokutwa je?"

Daktari alivuta pumzi. Alikuwa Mkinga mpole, mwenye desturi ya kueleza kila kitu kwa kilimo. "Shamba lilikuwa limejaa magugu. Mshale umeyaua. Mbegu nzuri zilikuwa zimesongwa chini muda mrefu, bado zimelala. Hapo katikati udongo unabaki mtupu. Hicho ndicho unachokiona."

"Zitaota lini?"

"Kwa wengine siku nne. Kwa wengine wiki tatu. Wapo ambao kwao hazioti kamwe, kwa sababu mbegu hazikuwepo."

"Kama ungekuwa wewe, daktari?"

"Si mimi. Ndiyo maana sheria ikakupa wewe." Alilisema hilo kwa nafuu iliyosikika wazi, na Twilumba akamchukia kwa muda wa kama dakika moja.

Asichokitaja daktari, kwa adabu, ni Bi. Ajentina Haule. Huyo alikuwa mtani wa Twilumba mwaka uliopita, fundi cherehani wa karibu na stesheni ya reli, mama mcheshi aliyeweza kukurudishia tusi kabla hujalimaliza. Namba zake ziliporomoka vilevile. Asubuhi moja alimshika Twilumba mkono na kumwambia, "Mhehe, acha mzaha. Niko wapi?" Twilumba akamjibu kwamba yuko Makambako na ana deni la kuku. Asubuhi iliyofuata, ya pili chini ya mia tano, alibana kitufe pumzi kumi. Askari wa Ajentina walipanda ndani ya wiki moja. Watu wakampongeza Twilumba. Miezi minane baadaye ugonjwa ukarudi, umeshaujua mshale, na haukuchukua muda.

Siku ya maziko watani walimngoja aingie kaburini. Alifika ukingoni, akatazama chini, akakosa la kusema. Wazee wa Kihehe wakamsogeza kando wakafanya kazi yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lawama.

* * *

Siku ya ishirini askari walikuwa mia saba na ishirini. Siku ya ishirini na moja, mia tano na sitini. Siku ya ishirini na mbili bangili ilisema mia nne na arobaini, na Twilumba akajiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Aliandika utani kwenye karatasi ya kufungia jibini, akaukariri njiani. Hatasema shikamoo tena.

Aliingia akitukana toka kizingitini. Alisema Wangoni walikimbia kutoka kusini mbio za miaka thelathini na mpaka leo nyayo zao hazijapoa. Aliuliza kama uji ule ni wa ulezi au ni maji ya kuoshea paka. Alisema pua ya Mwalimu ingeweza kupewa hati ya kiwanja. Alitania kofia, alitania blanketi, alitania redio. Alimtania huku anampima joto, akamtania akimwangalia fizi, na alipoona doa dogo la zambarau kwenye kigimbi akalitania na lenyewe.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama Otilia, hebu kawaangalie kuku."

"Kuku wazima."

"Kawaangalie tu, mke wangu."

Mama Otilia alitoka na kuurudisha mlango taratibu. Mwalimu akafungua daftari la miraba, akaligeuza ili Twilumba aone. Kulikuwa na mstari mmoja wa penseli uliopanda na kushuka, na nukta kwa kila siku.

"Huku chini ni siku," alisema, kwa sauti iliyowahi kutuliza darasa la watoto themanini. "Huku pembeni ni mara ngapi umenitania. Siku ya kwanza mara saba, ulikuwa bado unanizoea. Siku ya kumi na nne mara kumi na tisa, siku hiyo mpaka ulicheza. Nikajua zile mbaya zimekwisha kushuka. Halafu unaona hapa. Siku ya kumi na tisa, shikamoo, na utani mmoja wa kuokoteza. Na leo umenitania mara ishirini na sita." Akaweka penseli chini. "Mtu hamtanii mwenzake mara ishirini na sita kabla ya chai, Mhehe, isipokuwa yuko msibani."

Twilumba akakaa kwenye kigoda cha Mama Otilia.

"Sina la kukwambia, Mwalimu."

"Najua sheria. Niliipigia kura ya ndiyo." Alitabasamu kidogo. "Nilidhani ni sheria ya watu wengine."

"Ukijua, lazima niiambie bangili. Nikiiambia, hospitali wanafunga siku hiyohiyo."

"Au usiiambie."

"Hicho ni kiapo."

"Ndiyo, ni kiapo." Mwalimu alikubali bila ubishi. Mikono yake, iliyokonda, ilikuwa juu ya daftari. "Nimefundisha miaka thelathini na minne. Kila mtihani nilimpa kila mtoto karatasi yake mkononi, naye akaona namba yake mwenyewe. Hata aliyepata sifuri. Mwalimu mkuu aliniambia ninawavunja moyo. Nikamwambia, namba ni yake, mimi nani nimfiche? Sasa mimi nina miaka sitini na tatu, damu ni yangu, iko ndani ya mishipa yangu, na anayejua hesabu yake ni mpima maziwa."

Twilumba alimkumbuka Ajentina akimshika mkono.

"Kesho njoo na namba," Mwalimu akasema. "Kama huwezi, njoo hivyohivyo, chai ipo. Lakini utani acha nyumbani."

* * *

Asubuhi ya ishirini na tatu askari walikuwa mia tatu na hamsini. Chembe sahani elfu thelathini na nane. Asubuhi ya pili chini ya mstari.

Twilumba alikaa ukingoni mwa kitanda chake, kidole kwenye kitufe. Pumzi moja. Mbili. Aliona jinsi itakavyokuwa: wiki moja, askari wanapanda, Mwalimu anatoka nje kutembea, majirani wanampa hongera, Mama Otilia anamkumbatia. Pumzi ya tano. Kisha mwakani. Pumzi ya sita akaona kaburi limechimbwa na yeye amesimama ukingoni tena, mdomo mkavu. Akaondoa kidole. Hakukiondoa kwa ushujaa. Aliogopa tu kufanya jambo hilo mara ya pili peke yake.

Alimkuta Mwalimu anasukutua, na maji aliyotema kwenye bakuli yalikuwa mekundu. Mama Otilia alilishika bakuli kama kitu cha altareni, akatoka nalo uani.

"Mia tatu na hamsini," Twilumba alisema.

Mwalimu alipangusa midomo. "Ya nini?"

"Askari. Jana walikuwa mia nne na arobaini. Ni siku ya pili chini ya mia tano. Leo naruhusiwa kufunga."

Alitegemea mzee atatetemeka. Mzee alinyoosha mkono akachukua penseli. "Nipe zote. Toka mwanzo. Taratibu."

Akampa zote. Alizijua kwa moyo, kama mtu anavyojua majina ya waliomdhulumu. Mwalimu alichora mstari mpya chini ya ule wa utani, akarudi nyuma, akatoa hesabu kichwani huku midomo inacheza. Twilumba alisikia kuni zikilia motoni.

"Mia moja tisini," Mwalimu alisema mwishowe. "Halafu mia moja sitini. Halafu mia na ishirini. Toka jana hadi leo, tisini. Unaona? Zinashuka, lakini kila siku zinashuka pungufu kuliko jana yake. Mteremko unalegea. Unatafuta sakafu."

"Au unalegea halafu unaporomoka tena. Daktari amesema wapo ambao kwao hazioti."

"Wapo." Hakubisha. "Sijui kama mimi ni mmoja wao. Wewe pia hujui. Lakini sasa tuko wawili tusiojua." Aliangalia mkono wake wa kushoto, mahali punje ilipokuwa. "Ukifunga, nitakufa kwa ugonjwa, baadaye. Usipofunga, huenda nikafa kwa mafua, wiki hii. Ningependa usifunge. Nasema mimi, Osmund, mwenye damu. Likitokea baya halitakuwa lako."

"Litakuwa langu hata ukisema hivyo."

"Basi utajilaza kaburini mwangu na kudai kuku. Nitamwambia Mama Otilia akupe jogoo." Ulikuwa utani wake wa kwanza kwa siku nyingi, na haukumsaidia yeyote kati yao.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama Otilia alikuwa amesimama hapo na bakuli lililooshwa, na hakuna aliyejua amesimama kwa muda gani. Mama yule aliyeheshimu sheria kuliko padri aliingia, akaliweka bakuli rafuni, akasema akiutazama ukuta, "Mimi nilikuwa kwa kuku. Sikusikia kitu."

Saa moja jioni bangili ikatetemeka. Mgonjwa anajua? Twilumba aliiangalia mpaka ikauliza mara ya pili. Ilipouliza mara ya tatu aliweka kidole kwenye hapana, akaenda kuosha mikono ingawa haikuwa michafu.

* * *

Siku ya ishirini na nne, mia tatu na kumi. Siku ya ishirini na tano, mia tatu kamili, na kipimajoto kikasoma thelathini na saba na nusu. Joto likifika thelathini na nane ni hospitali, na hospitali ni mashine. Hakuna aliyemtembelea mgonjwa. Mama Otilia alichemsha kila kitu mpaka vijiko. Twilumba alikuja bila utani, akaitaja namba, Mwalimu akaweka nukta. Walikunywa chai. Waliongea habari za bei ya parachichi. Kuna wakati hofu inamchosha mtu mpaka anakuwa na adabu.

Siku ya ishirini na sita bangili ilitetemeka alfajiri. Twilumba alisoma, akasoma tena, akavaa sweta kinyume na kutoka nje. Njia nzima alikuwa anapanga atakavyosema. Alipofika mlangoni, amenawa, amevua viatu, akasahau yote. Akasimama pale machozi yanamshuka, na hakuna neno lililotoka, la utani wala la heshima.

Mwalimu alimtazama usoni. Kisha akafungua daftari, akaiendea ile chati ya zamani ya utani, na kwenye mstari wa siku ya ishirini na sita akaandika sifuri kwa mkono uliotulia.

"Basi," alisema. "Mama Otilia, kaa hapa karibu yangu."

Twilumba alitikisa kichwa. Akainua vidole vitatu, kisha vinne, kama mtoto asiyejua kusema. "Mia tatu," akafaulu, "na arobaini."

"Jana ilikuwa mia tatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mia tatu arobaini, toa mia tatu." Alilisema polepole kama linalomtatiza. Akarudia, penseli juu ya mraba. "Arobaini. Kujumlisha." Nukta aliyoiweka ikatoka kubwa kuliko zote. Mama Otilia aliketi sakafuni, palepale alipokuwa, akajifunika uso kwa kanga.

Haikuwa ushindi bado. Daktari Sanga, alipopigiwa, alisema mia tatu arobaini ni jeshi la kulinda banda la njiwa, wasije wakafungua madirisha. Lakini hata yeye sauti yake ilibadilika. Udongo umeanza kutoa kitu, alisema. Joto lilikuwa thelathini na saba.

Mama Otilia alipokwenda kuchinja kuku ambaye Mhehe amemdai wiki nne, Twilumba alikivuta kigoda karibu na meza.

"Mwalimu, nichoree mstari mwingine."

"Wa nani?"

"Chora tu. Siku tano za mwisho." Na namba hizi pia alizijua kwa moyo. "Mia tisa na themanini. Mia saba. Mia tano na ishirini. Mia nne na thelathini. Mia nne na kumi."

"Halafu?"

"Halafu nikafunga."

Mwalimu alichukua penseli ya bluu, akachora mstari wa pili kwenye ukurasa uleule, pembeni ya wa kwake. Nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipounganisha ya nne na ya tano penseli ilikwenda karibu sawa na mistari ya daftari, kama barabara inayofika bondeni. Midomo yake ilicheza, ikatoa hesabu, ikaacha. Akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Nukta hazitoshi," alisema.

"Kwako uliona kwa nukta tano."

"Kwangu kulikuwa na mambo mengine. Hizi hazisemi kitu, Twilumba. Mstari ungeweza kwenda popote."

"Ulisema hujawahi kumficha mtoto namba yake."

Mwalimu alimtazama, na macho yake mazee yalikuwa yamelowa. "Wewe si mwanafunzi wangu," akasema. "Wewe ni mtani wangu." Akalifunga daftari, akaliweka chini ya blanketi, akamuuliza kama ni kweli Wahehe humla kuku pamoja na manyoya yake.

Twilumba alicheka, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Alikuwa amekwisha kuuona mstari ukitafuta sakafu. Na uongo ule aliujua vizuri, maana aliusema mwenyewe katika nyumba hii kila asubuhi kwa siku ishirini na mbili, na kabla ya hapo kwa fundi cherehani aliyemshika mkono akimuuliza yuko wapi. Alimshukuru Mwalimu. Akala paja la kuku mpaka mfupa, akanawa mikono, akaenda kupima maziwa.